Kompyuta ya Kampuni Ngeni

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kwanza saluni ya mjomba wake. Alimsalimia mjomba, akawasalimia wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu yao ya kunyolewa, halafu akapanda ngazi za saruji zilizokuwa ubavuni mwa jengo hadi chumba cha juu, ambako mama yake alifanya kazi ya kuchapa. Hapo aliweka mkoba chini ya meza, akanawa mikono, akaanza kukunja kadi. Kadi za harusi, kadi za mahafali, vipeperushi vya maduka, mitihani ya shule za jirani: mama alichapa kila kitu.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine kabisa, lakini tangu utotoni watu walimwita Chapuchapu kwa sababu alifanya kila jambo mbio mbio. Alikula mbio, aliandika mbio, na akitumwa dukani aliondoka kabla hajaambiwa anachotumwa.

"Mimi nachapa, mwenzangu ni chapuchapu," mama alipenda kuwatania wateja. "Kazi yenu itatoka mapema, ila msishangae mkikuta kadi imekunjwa kichwa chini miguu juu."

Basi, wiki chache kabla ya mitihani ya muhula, kompyuta ya mama ikagoma. Ilikuwa kuukuu. Kwa muda mrefu ilikuwa ikizimika katikati ya kazi, na mama alikuwa akiibembeleza kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Safari hii haikuamka. Fundi wa mtaani aliifungua, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Mama, hii iache ipumzike," alisema.

Bila kompyuta hapakuwa na kazi, na shule mbili zilikuwa zimeshaleta mitihani yao ichapwe. Mama alizunguka madukani. Kompyuta za kampuni zenye majina makubwa zilikuwa nzuri kweli, lakini bei zake zilimrudisha nyumbani mikono mitupu. Ndipo alipoona kwenye simu tangazo la kampuni ambayo hakuwahi kuisikia. Iliuza kompyuta za mezani zilizokwisha kuunganishwa, pamoja na skrini, kibodi na kipanya, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu.

Mama hakukurupuka. Aliwapigia simu na kuwauliza kompyuta hiyo ina nini ndani, vifaa vyake ni vipya au vimetumika, na ikiharibika nani ataitengeneza. Aliomba namba za watu waliowahi kununua, akawapigia mmoja mmoja. Chapuchapu alimsikia akirudia swali lile lile mpaka akachoka yeye aliyekuwa akisikiliza tu.

Mjomba hakupendezwa hata kidogo.

"Dada, umeitoa wapi kampuni hiyo?" aliuliza huku akipangusa mashine yake ya kunyolea. "Hapa saluni wanakaa watu wa kila aina, na hakuna hata mmoja anayeijua. Hiyo ni Kampuni ya Hewani. Utatuma pesa, watakutumia matofali."

"Kila kampuni ilikuwa na siku ambayo haikujulikana," mama alijibu. "Saluni yako ilipofunguliwa, wateja walikuwa mimi na huyu mtoto."

"Na kichwa changu mpaka leo hakijasahau," Chapuchapu alidakia.

Wateja wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini alikuwa bado anatikisa kichwa.

Mama akaagiza. Alhamisi asubuhi alipigiwa simu kwamba mzigo ungefika mchana, naye alitakiwa kwenda kumwona mwalimu mkuu wa shule moja kumwomba muda zaidi. Kabla ya kuondoka alimshika binti yake mabega.

"Nisikilize vizuri. Mzigo ukija, uache saluni kwa mjomba. Usiuguse. Nikirudi nitaupandisha pamoja naye."

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo masomo yaliisha mapema. Chapuchapu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini pikipiki ilipofika. Dereva alikuwa kijana mrefu, mwenye kofia ngumu iliyofutika rangi. Alifungua kamba taratibu, akaikumbatia katoni kubwa, akaiweka chini kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, kisha akaweka ndogo kando yake.

"Ile ya pili ni skrini. Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Mwambie mama aifungue polepole. Ina vitu vidogo vidogo ndani."

Akaaga, akaondoka.

Ndani ya saluni mjomba alikuwa katikati ya kunyoa. Mashine inavuma, redio inaimba, wateja wanabishana kuhusu mpira. Chapuchapu aliitazama katoni. Akamfikiria mama akirudi amechoka, apande ngazi, akute kompyuta iko mezani inang'aa. Angefurahi jinsi gani! Na katoni yenyewe haikuonekana nzito sana.

Skrini alifika nayo juu salama. Akarudi kuchukua katoni kubwa. Aliikumbatia, ikamfika puani, akaanza kupanda bila kuona anakokanyaga. Alikuwa karibu kufika aliposikia kiatu kinateleza. Akaiachia katoni ili ashike ukuta. Ikadunda kwenye ngazi, ikapinduka, ikadunda tena, na tena, mpaka ikatulia chini kwa kishindo kilichomfanya afumbe macho.

Hakuna aliyetoka. Mashine ya mjomba iliendelea kuvuma.

Chapuchapu alishuka. Kona moja ya katoni ilikuwa imebonyea. Aliinyoosha kwa vidole mpaka ikakaribia kuwa sawa, akaiburuta polepole ngazi moja baada ya nyingine hadi juu. Huko akaifungua. Kasha jeusi la kompyuta lilikuwa zima, ila upande wa chini kulikuwa na kibonyeo, na rangi imechubuka. Akaiweka mezani na kuugeuzia ukutani upande ule wenye alama.

Mama aliporudi akaikuta mezani, uso ulichangamka kwanza, halafu akakunja kipaji.

"Nani ameipandisha?"

"Mimi. Nilitaka usichoke."

"Si nilikwambia usiiguse?" Lakini hakuwa na hasira nyingi. Alikuwa amekwisha kushika waya na kutafuta pa kuuchomeka.

Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ndogo ya buluu ikawaka. Kisha kompyuta ikalia, pii, pii, pii, na skrini ikabaki nyeusi. Mama akaizima, akaiwasha tena. Pii, pii, pii. Akajaribu waya mwingine. Hali ikawa ile ile. Mwishowe alikaa kitini, mikono mapajani, akiitazama skrini kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Mjomba alipopanda hakuhitaji kuelezwa.

"Nilisema mimi!" alisema. "Hukunisikiliza. Nilisema!"

Mama aliitafuta namba ya kampuni. Alipiga simu. Chapuchapu alisimama mlangoni akisikia sauti ya mwanamke upande wa pili, ya upole lakini ya uhakika.

"Mama, tuliiwasha hapa kutwa nzima kabla ya kuifunga. Ilikuwa inafanya kazi."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?" mama aliuliza.

"Sijasema hivyo, mama. Nitakuja mwenyewe Jumamosi niione."

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Chapuchapu. Lakini mjomba alikuwa anapiga kelele, mama alikuwa amejishika kichwa, na kila sekunde iliyopita ilifanya maneno yale yawe mazito zaidi. Akajiambia kwamba kampuni ina kompyuta nyingi. Wataleta nyingine, mama atafanya kazi zake, yataisha. Watu wenyewe hata hawajulikani. Hakuna atakayeumia.

Jioni ile mjomba aliandika ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa: "Ndugu zangu, jihadharini na kampuni hii. Dada yangu ameuziwa kompyuta mbovu. Ni matapeli." Akaweka na jina la kampuni. Ujumbe ukaruka kutoka simu hadi simu. Wateja wake waliusoma kwa sauti wakiwa wamekaa kwenye kiti, povu mashavuni.

Kesho yake darasani, jirani yake wa dawati alimgeukia kabla hata hajakaa. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Wewe! Kumbe mmeibiwa!"

"Nani kasema tumeibiwa?"

"Mtaa mzima. Baba alikuwa aagize kwa hao hao, asubuhi kawapigia kaghairi. Na yule mama wa duka la dawa naye kaghairi. Baba anasema kampuni kama hizo zifungwe tu, watu wake watafute kazi nyingine ya kufanya."

Chapuchapu alifungua daftari la hesabu na kulitazama. Tarakimu hazikumwambia kitu.

"Mbona umenyamaza?" Redio aliuliza.

"Nafanya hesabu," alisema.

Kazini kwa mama mambo hayakuwa mazuri. Mama alizirudisha kazi za shule moja, akaomba radhi, akarudi. Alipopita mbele ya saluni, mteja mmoja alitania kuhusu Kampuni ya Hewani, na watu wakacheka. Mama alitabasamu kidogo, akapanda juu. Chapuchapu alimfuata na kumkuta akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Niliuliza kila kitu," mama alisema, kama anayezungumza na meza. "Sijui nilikosea wapi."

Jumamosi fundi akafika. Ndiye aliyezungumza kwenye simu: mwanamke kijana, mikono ya shati ameikunja, begani mfuko wa vifaa. Alikuja na yule dereva wa pikipiki. Mjomba alimwachia mteja wake kitambaa shingoni, akapanda nao juu ili asipitwe na kitu.

"Hodi hapa."

"Karibu," mama alisema, bila uchangamfu.

Fundi aliomba ruhusa, akaivuta kompyuta kutoka ukutani, akaigeuza. Alipokiona kibonyeo aliinama. Akapitisha kidole juu yake. Kisha akafungua skrubu, akaondoa ubavu wa kasha, akamulika ndani kwa tochi ndogo.

"Mama, njoo uone," alisema. "Hii kadi ndogo ya kumbukumbu imechomoka upande mmoja. Na hapa, kishikizo cha feni ya kupozea kimevunjika. Vitu hivi havichomoki vyenyewe. Hii imeanguka. Tena imeanguka vibaya."

"Haikuangukia hapa," mama alisema. "Nimeikuta mezani ikiwa kwenye hali hiyo."

"Nakuamini, mama." Fundi alishusha pumzi, akamgeukia dereva. "Basi, kaka, umebaki wewe. Ilikuwaje njiani?"

Dereva alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani.

"Dada, mimi sikuiangusha. Nilimkabidhi mtoto huyu mkononi, ikiwa nzima."

"Unajua utaratibu wetu. Mzigo ukivunjika njiani, hatuwezi kukupa mwingine wa kupeleka. Na sisi tuko watatu tu pale. Tangu juzi watu wanapiga simu kughairi. Lazima nijue imetokea wapi."

Dereva alikuna kichwa. Alitazama sakafu, akafikiri, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imepungua.

"Karibu na soko pana tuta. Nililipita polepole, lakini… pikipiki iliruka kidogo. Nilidhani haikuwa kitu." Akaizungusha kofia mikononi. "Labda ni pale. Kama ni pale, basi ni mimi. Sina la kubisha."

Chapuchapu alimtazama. Alikumbuka jinsi alivyoiweka katoni chini kwa mikono miwili. Na sasa mtu yule yule alikuwa anajitafutia kosa, na alikuwa karibu kulipata.

"Si yeye," alisema.

Wote wakageuka.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Niliiangusha kwenye ngazi. Niliibeba ukiwa hujarudi, nikateleza. Nikauficha ule upande ukutani." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Si tuta. Wala si kampuni. Ilikuja nzima."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamgeukia dereva.

"Kaka, naomba radhi. Umesimamishwa hapa kwangu kama mwizi, na hukufanya kosa lolote."

"Hapana neno, mama," dereva alisema. Alivuta pumzi ndefu. "Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona mkosaji."

"Na wewe dada," mama alimwambia fundi, "nilikujibu vibaya kwenye simu. Ulisema kweli, nami nikaona unanidharau."

Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Alichutama mbele ya Chapuchapu, macho yao yakawa sawa.

"Uliogopa?"

"Ndiyo."

"Ningeogopa na mimi. Lakini ungesema ukweli siku ile ile mama yako alipopiga simu, tungejua pa kuanzia, na kesho yake kompyuta ingekuwa inafanya kazi. Kuanguka kwake si jambo kubwa. Haya, shika tochi. Mulika hapa, usitikisike."

Chapuchapu akamulika. Fundi aliirudisha kadi mahali pake mpaka ikalia tak, akatoa kishikizo kipya mfukoni na kukifunga. Akaeleza wazi kwamba dhamana ya kampuni haihusu kitu kilichoangushwa, na mama akasema anaelewa na atakilipia. Kitufe kikabonyezwa. Feni ikazunguka, na safari hii skrini ikawaka, kwanza nyeupe, kisha buluu kama anga.

Mama alishika meza kwa mikono miwili na kufumba macho kidogo.

Mjomba alikohoa.

"Sasa mimi nitaandika nini kule kwenye kundi?" aliuliza. "Watu watanicheka saluni."

"Watakucheka wakiwa wamekaa kwenye kiti chako," mama alisema. "Hawa wenzetu wanakimbiwa na wateja. Andika ulivyokosea, kama ulivyoandika ulipodhani umepatia."

Mjomba akaandika. Alifuta, akaandika tena: "Ndugu zangu, niliwaita watu matapeli bila kuuliza. Kompyuta iliangukia kwetu. Fundi amekuja na kuitengeneza. Nawaomba radhi kampuni, na ninyi pia." Lakini ujumbe huu haukuwa na miguu kama ule wa kwanza. Mchana ulipita, ukajibiwa na watu wawili tu, mmoja wao akiuliza saluni inafungwa saa ngapi.

Chapuchapu aliona. Akamwendea mama.

"Naomba niende kwa kina Redio. Baba yake hajausoma."

"Unataka twende wote?"

Alifikiri. Alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe."

Alitembea, hakukimbia. Baba yake Redio alikuwa uani akifunga mnyororo wa baiskeli. Alisikiliza hadithi yote, mikono imejaa grisi, huku Redio akiwa amesimama kando.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima ilipofika?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba. Na yule dereva aliniambia kabisa ifunguliwe polepole. Sikumsikiliza."

"Umekuja kuniambia haya kwa kutumwa?"

"Hapana."

Mzee alijipangusa mikono kwenye kitambaa. "Nilisema maneno mengi juu ya watu wale, tena mbele ya wanangu. Nitawapigia simu Jumatatu. Ahsante kwa kuja." Kisha akamtazama mwanawe. "Na wewe, hii nayo uitangaze kama ulivyotangaza ile nyingine."

"Hiyo niachie mimi!" Redio alisema.

Aliporudi, mama alikuwa mezani akichapa mtihani wa sayansi. Printa ilikuwa inatoa karatasi moja moja, bado zina joto. Chapuchapu alizikusanya na kuzipanga. Walifanya kazi hivyo kwa muda.

"Mama, umenikasirikia?"

Mama aliacha kuchapa, akageuza kiti.

"Nilikasirika. Ulikatazwa, ukafanya. Hilo peke yake lingekuletea karipio, na kesho tungekuwa tumelisahau. Kitu kimeanguka, kimevunjika, kinatengenezwa. Lakini uliponyamaza, kosa likaendelea kutembea bila wewe. Likaingia saluni, likaingia kwenye simu za watu, likaenda kuwanyang'anya kazi wale watatu, nusura limchukue na yule kijana wa pikipiki. Watu wote hao walikuwa wanabeba kitu chako."

"Nilifikiri kwa kuwa hatuwajui, hawataumia."

"Hapo ndipo nataka ukumbuke," mama alisema. "Mtu usiyemjua ni rahisi kumtupia lawama, maana humwoni akilia. Ingekuwa ni jirani ametuletea mzigo ule, mimi mwenyewe ningeuliza kwanza kabla ya kupiga simu kwa ukali. Niliwauliza wale maswali mengi kabla ya kununua, lakini ilipoharibika sikuuliza hata moja nyumbani kwangu. Kwa hiyo nami nimejifunza. Mgeni ana haki ya kusikilizwa sawa na tunayemjua. Na ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo na bado ni lako peke yako."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Utaniamini tena?"

"Nilianza kukuamini pale uliposema 'si yeye.' Hakuna aliyekuwa amekugundua. Yule kijana alikuwa ameshakubali kosa. Ungenyamaza, ungepona."

Simu iliyokuwa mezani ikaanza kuita. Mama alitazama namba. Ilikuwa ya mwalimu mkuu wa ile shule aliyokuwa ameirudishia kazi.

"Pokea wewe," alimwambia binti yake. "Mwambie kompyuta imepona, kazi ailete. Na akiuliza ilikuwa na nini, mweleze."

Chapuchapu akaivuta simu karibu, akasafisha koo, akapokea.